Kengele na Wimbo wa Mizigo

Mgongo wa Kengele haukuumbwa kwa kubeba. Tangu ujana wake, akiinua kitu kizito kuliko ndoo ya maji, kiuno humkatika akabaki ameinama vivyo hivyo, anatembea huku anavitazama vidole vyake vya miguu. Sasa mtu wa namna hii alifuata nini kwenye kikosi cha wachukuzi, watu ambao kazi yao ni kuhamisha majenereta, makabati ya chuma na mashine za viwandani? Alifuata riziki, kama wenzake wote. Wakambakiza kwa sababu ya koo.

Mzigo mkubwa, ni vizuri ujue, haubebwi kwa misuli peke yake. Unafungwa kamba, kamba zinaning'inizwa kwenye mipiko, ile miti mirefu inayolazwa mabegani, na watu wanajipanga wawili wawili kutoka mbele hadi nyuma. Mmoja akiwahi na mwingine akichelewa, mzigo unayumba, na ukiyumba kuna mtu ataondoka na kidole pungufu. Ndiyo maana lazima awepo wa kuimbisha. Huyo hutangulia mbele akitembea kinyumenyume, kiganja kimoja juu ya mzigo, macho kwenye miguu ya wenzake. Anarusha swali, kikosi kinajibu, na mguu unakwenda palepale kwenye jibu. Pasipo jibu hapana hatua.

Kazi hiyo Kengele aliipata siku mwimbishaji wa zamani alipoamka hana sauti kwa mafua. Wakauliza nani anajaribu, na yeye, ambaye asubuhi nzima alikuwa anajifanya anakagua kamba ili asipewe mpiko, akainua mkono. Alipofungua kinywa, madirisha ya mtaa mzima yakafunguka. Tangu siku hiyo hakugusa mpiko tena, watu wakamwita Kengele, na jina alilopewa na mama yake likabaki kwenye kitambulisho tu. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, huwaambia wateja kwamba yeye aliipenda sauti kabla hajamwona mwenyewe. "Na nilipomwona," humalizia, "nilikuwa nimeshachelewa."

Wimbo wenyewe aliurithi, hakuutunga. Ulikuwa unakwenda hivi.

"Nani analia?"

"Mwanamke!"

"Nani hana nguvu?"

"Mwanamke!"

"Nani kachoka?"

"Wakuja!"

"Na sisi je?"

"Madume!"

Wakuja walikuwa ni watu wa kabila la ng'ambo ya milima, ambao mababu zao walihamia mjini kutafuta kazi. Wengi wao sasa wamezaliwa humu humu, wamesoma humu, wamezika humu, lakini bado wanaitwa wakuja, utadhani wameshuka kwenye basi leo asubuhi. Na usimcheke Kengele peke yake. Hata wewe una neno lako kama hilo, umelirithi pamoja na vikombe vya bibi yako, na kila siku unalinywea chai.

Kikosini mlikuwa na mtu mmoja wa kabila hilo. Wote walimwita Mkuja, na yeye aliitika. Alibeba kwenye jozi ya mwisho, nyuma kabisa, mahali ambapo uzito wote hukusanyika mkipanda ngazi. Alikuwa hodari, hana maneno, na miaka yote ile hakuwahi kujibu wimbo. Hatua yake ilikwenda sawa na wenzake, lakini midomo ilikuwa imefungwa. Wachukuzi walikubaliana kwamba maskini hana sauti, na hakuna aliyejisumbua kumuuliza.

Mwenzake wa jozi alikuwa Mama Pacha. Huyu alikuja karibuni, mwanamke wa kwanza kushika mpiko katika kikosi kile. Siku ya kwanza wanaume walicheka. Siku ya pili walinyamaza, maana alikuwa amebeba injini ya lori bila kuomba apumzike. Siku ya tatu wakaanza kumwita jike dume, wakidhani wanamsifu.

"Dume gani?" aliwauliza, mikono kiunoni. "Mimi nimezaa pacha, wote kwa siku moja. Haya, nileteeni dume lililofanya hivyo nilione!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini kesho yake wimbo ukarudi vilevile, maana mazoea yana taabu.

Balaa lilianzia hospitalini. Kikosi kilikuwa kinapeleka vitanda vipya vya chuma katika wodi ya wazazi, na Kengele siku hiyo koo lilikuwa limekaa sawa, sauti inakwenda na kurudi kwenye korido ndefu yenye sakafu ya kung'aa. Walipofika usawa wa mlango wa chumba cha kujifungulia, akarusha kwa nguvu zote.

"Nani hana nguvu?"

"Mwanamke!"

Ndani ya chumba ikapanda sauti ya mtu aliyekuwa katikati ya uchungu.

"Nani kasema hivyo? Mleteni! Mleteni hapa nimwachie zamu yangu!"

Wodi nzima ikalipuka. Wenye vichanga mikononi wakapiga kelele, wenye matumbo wakagonga vyuma vya vitanda. Mlango ukafunguka akatokea muuguzi mkuu, mama mfupi, glavu mkononi, miwani imeshuka puani.

"Mwenye wimbo ni nani?"

Macho yote yakamgeukia Kengele. Hakuna aliyemnyooshea kidole, na hapakuwa na haja.

"Baba yangu," akasema muuguzi mkuu kwa upole unaotisha kuliko makelele, "humu ndani kuna mtu anasukuma tangu alfajiri. Wewe leo umebeba nini?"

Kengele akakiondoa kiganja juu ya kitanda. "Mimi... mimi naimba tu, mama."

Waliocheka kwanza walikuwa wachukuzi wenyewe. Mama Pacha ilibidi ashushe ncha yake ya mpiko asije akaangusha kitanda.

Kesho yake nyapara alimwita Kengele pembeni ya ua wanakotunza vifaa. Nyapara hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda amani, na amani ya mteja aliipenda zaidi.

"Wiki ijayo tunarudi pale pale," akasema. "Mashine ya kufulia, ile kubwa ya hospitali, mpaka ghorofa ya pili, na lifti yao haiwezi hata kuikaribia. Muuguzi mkuu ameapa ule wimbo hautavuka tena geti lake. Ama utafute mwingine, ama nitatumia hii."

Akatoa mfukoni filimbi ya plastiki, rangi ya machungwa, akaipuliza. Pii! Kuku waliokuwa wanachakura uani wakatawanyika.

Kengele aliitazama ile filimbi. Alijua hesabu yake vizuri. Filimbi ikishika nafasi yake, yeye atabaki kuwa mtu mwenye kiuno kibovu katika kazi ya viuno. Wala si ujira tu. Ni asubuhi ngapi madirisha yamefunguka kwa ajili yake! Mtu aliyezoea kufunguliwa madirisha hawezi kurudi kukagua kamba.

Akaenda nyumbani amefura.

"Siku hizi binadamu hawezi hata kufungua mdomo!" alimlalamikia mkewe. "Neno hili baya, lile linaumiza. Sisi tumeimba hivi tangu enzi na enzi, nani alikufa? Ni utani tu!"

Mkewe alikuwa anapinda suruali ya mteja. Hakuinua macho.

"Utani na nani?"

"Na... na watu."

"Utani ni wa wawili, mume wangu. Unanitania, nakutania, tunacheka, tunakwenda zetu. Wa mmoja tunauita tusi. Miaka yote hii unapita na mizigo hapa dirishani unatangaza kwamba sina nguvu na kazi yangu ni kulia. Uliwahi kusimama nikujibu?"

"Sasa wewe nawe, si ulijua sikusemi wewe!"

"Nilijua. Na mshono ulipotoka kombo nikajua kwa nini." Akakata uzi kwa meno. "Mkuki kwa nguruwe mtamu. Kwa binadamu je?"

Kengele akasema chakula kimepoa.

Siku mbili alitunga. Alitunga akioga, alitunga akitembea. Kisha akauleta wimbo mpya uani, wakaujaribu kwa jiwe kubwa la zege. Kengele akakohoa, akavuta pumzi.

"Waheshimiwa wachukuzi, mabibi na mabwana, bila kumbagua mtu yeyote, tafadhali tunyanyue kwa pamoja!"

Kabla hajafika kwenye "tafadhali", wawili walikuwa wamenyanyua, mmoja ameshusha, na wengine bado wanasubiri kujua kama hotuba imekwisha. Jiwe likageuka ubavu likalala.

"Kengele," akauliza Mama Pacha kwa adabu zote, "mkutano ukiisha tunapewa fulana?"

Akajaribu tena, sasa kwa umoja ni nguvu, mshikamano, maendeleo. Maneno mazuri, hayana kasoro hata moja, na jiwe halikusogea. Nyapara alikuwa amesimama kando, filimbi imeshatiwa kamba inaning'inia shingoni.

Jioni Kengele akaketi kwenye kigoda karibu na cherehani, hafurahishwi na chochote. "Tatizo ni hili," akasema. "Mtu hanyanyui kwa maneno matamu. Lazima pawe na wa kusemwa kidogo. Ukali ndio unaopandisha damu mabegani."

"Basi mseme," akajibu mkewe.

"Nani? Kila mtu siku hizi yupo, anasikia!"

"Mseme asiye na mama." Akaona mumewe haelewi, akacheka. "Mashine, baba watoto! Hiyo mashine ya kufulia. Imekaa kwenye maganda yake inasubiri kubebwa kama bibi harusi, watu wazima watavunjika migongo kwa ajili yake. Yaani hiyo huna la kuiambia?"

Kengele akanyanyuka kigodani. Kiuno kikamkumbusha, akakisahau. Usiniulize alilala saa ngapi, ila siku iliyofuata mkewe alishona nguo nne kwa mwendo wa ile mistari bila kupumzika, mguu kwenye kanyagio unakwenda na wimbo.

Siku ya kazi ikafika. Mashine ilikuwa kubwa kuliko walivyoambiwa, mizigo haijawahi kuwa midogo kuliko ilivyosemwa. Wakaifunga kamba, wakaingiza mipiko, Mkuja na Mama Pacha nyuma kama kawaida. Muuguzi mkuu alisimama juu ya ngazi amekunja mikono. Milango ya wodi ilikuwa wazi, na wazazi waliokuwa na uwezo wa kusimama walikuwa wamekuja kuona kama yule baba mwenye wimbo amerudi.

Kengele akaweka kiganja juu ya bati baridi.

"Mashine gani hii?"

"Nzito!"

"Imekula nini?"

"Mawe!"

"Tumbo lake je?"

"Pipa!"

"Na akili yake?"

"Haina!"

Mzigo ukapanda. Ngazi kwa ngazi, hatua moja, jibu moja. Wazazi wakaanza kucheka, na hata mikono ya muuguzi mkuu ikakunjuka kidogo. Kengele alijisikia ana miaka ishirini. Nyapara aliyekuwa anafuata nyuma ameshika filimbi akaiachia ining'inie.

Kisha wakafika kona.

Kwenye kona ya ngazi mashine ilikuwa lazima igeuzwe huku imening'inia, na ikigeuzwa hivyo uzito wote unawaangukia wawili wa nyuma. Kengele, kutoka juu, akaona goti la Mama Pacha linatetemeka. Akaona shingo ya Mkuja imetoka mishipa. Woga ukamkamata, na mtu akishikwa na woga hatafuti kipya, hukimbilia alichozoea. Mistari yote mipya ikamtoka kichwani. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Nani kachoka?"

Kimya.

Kila mtu alilijua jibu. Walikuwa wamelijibu mara nyingi kuliko walivyowahi kusali. Lakini hakuna aliyelitoa, na pasipo jibu hapana hatua. Mashine ikabaki hewani, kamba zinalia, mabega yanawaka moto. Kengele alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni. Nyapara akaipeleka filimbi mdomoni.

"Mimi!"

Ilitoka nyuma, chini kabisa, sauti nzito ya kutikisa vyuma vya ngazi. Watu wakageuza macho tu, maana shingo hazikuwa na nafasi. Alikuwa Mkuja.

"Mimi ndiye niliyechoka!" akanguruma. "Uliza tena, Kengele, tusonge!"

Kengele akauliza, sauti inakatika. "Nani kachoka?"

"Na mimi!" akapokea Mama Pacha, na goti likanyooka.

"Nani kachoka?"

"Sote!" kikaitika kikosi kizima, na mguu ukaenda. Mashine ikageuka, ikaingia kona.

"Nani kachoka?"

"Sote!"

"Nani analia?"

Wakamtazama. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na mikono yote miwili iko juu ya mzigo, hawezi kuyafuta.

"Kengele!"

Wakapanda ngazi tatu huku wakicheka. Zilikuwa zimebaki chache. Kengele akavuta pumzi yote iliyokuwamo ghorofani.

"Nani ana nguvu?"

Kikosi hakikupata nafasi ya kujibu. Jibu lilitoka wodini, kwa pamoja, kwa wenye vichanga na wasionavyo, kwa wa vitandani na wa mlangoni.

"Mwanamke!"

Na kwa kuwa jibu ni jibu, wachukuzi wote, na ndevu zao, wakapiga hatua juu yake, na mashine ikafika juu.

Vifijo vilivyopigwa pale viliwaamsha watoto wote waliozaliwa juma hilo. Muuguzi mkuu akasema wimbo huo anauruhusu, ila siku nyingine mwishoni wapunguze sauti. Nyapara akaivua filimbi shingoni akampa mtoto wa mgonjwa mmoja, jambo ambalo muuguzi mkuu alilijutia mpaka jioni. Mama Pacha alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, anacheka peke yake na kujipepea kwa kofia.

Kengele akashuka kumtafuta Mkuja. Alimkuta kwenye bomba la uani, anajimwagia maji mabegani.

"Ndugu yangu," akasema, "sauti ile ulikuwa umeificha wapi?"

"Sikuificha. Nyumbani naimba. Watoto wangu hawalali mpaka niwaimbie."

"Basi mbona kazini hujaimba hata siku moja? Miaka yote hii, wewe na mimi kwenye ngazi moja!"

Yule mtu akafunga bomba. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Kengele zaidi.

"Ningeimba nini, kaka? Swali ulikuwa unauliza wewe, na jibu lilikuwa mimi."

Kengele akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye ukingo wa saruji chini ya bomba, suruali ikalowa. Neno utani lilimfika mpaka kwenye meno. Akalimeza.

"Nisamehe," akasema.

"Nilishakusamehe pale konani. Ungejiona ulivyokuwa umetoa macho!" Wakacheka wote wawili, na kicheko hicho kilikuwa cha wawili kweli.

"Nyumbani wanakuitaje?" akauliza Kengele.

Akamwambia. Lilikuwa jina refu kidogo, lenye sauti katikati ambayo ulimi wa Kengele haukuwahi kuombwa kuitoa. Akalijaribu akaliharibu. Mwenye jina akacheka, akamrudishia polepole. Kengele akaliharibu tena, vizuri zaidi. Mara ya nne likakubali kukaa.

Juu dirishani nyapara alikuwa anaita. Ilibaki mashine ya zamani, iliyoharibika, nayo ni ya kuteremsha. Wachukuzi wakapanda wakiguna, wakaingiza mipiko. Kengele hakwenda mbele. Alimwita mwenzake kwa jina lile, lote zima, mbele ya watu, na vichwa vikageuka kutafuta ni nani huyo.

"Njoo uimbishe wewe."

"Na wewe?"

"Leo nataka kujibu."

Yule mtu akasita, kisha akatangulia, akaweka kiganja juu ya bati. Nafasi yake nyuma aliichukua nyapara mwenyewe, akilalamika. Mwimbishaji mpya akawafundisha kwanza neno moja la lugha ya mama yake, fupi, la pumzi moja. Wakalirudia kila mtu kwa namna yake, na hakuna namna iliyokuwa sahihi. Kisha akaanza. Swali lilikuwa refu na zuri, linashuka na ngazi taratibu, na hakuna aliyelielewa. Wote wakajibu lile neno moja, Kengele akiwashinda wote kwa sauti, na mzigo ukashuka.

Konani wakapumzika.

"Hebu tuambie," akasema Kengele, jasho limemjaa usoni utadhani amebeba. "Unatuuliza nini?"

"Nauliza kama kuna mtu tumemwacha nyuma."

"Na sisi tunajibu nini?"

"Nipo."

Kengele akawatazama wenzake mmoja mmoja kuanzia mbele hadi nyuma, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Basi uliza tena," akasema.